Amenunua supu Jumamosi saba mfululizo: ujasiri unapopotea kwenye padeli

*Shikamoo mwalimu. Nina miaka 41, naishi Arusha, nafanya kazi ya utalii. Padeli, ule mchezo wa raketi wa watu wawili kwa wawili kwenye uwanja wenye kuta za kioo, nilianza mwaka jana. Januari hadi Machi nilikuwa nacheza na kundi la Jumatano saa kumi jioni, na hatukuwa wabaya: tukifungwa wiki hii, ijayo tunalipiza. Masika yalipoanza tukapumzika. Juni nikapandishwa kundi la Jumamosi saa moja asubuhi. Tangu hapo nimecheza mechi saba, nimefungwa zote saba. Kwetu anayefungwa ananunua supu na chapati, kwa hiyo wameshanipa jina la Mfadhili. Nimeagiza raketi mpya ya bei, nimebadilisha mwenzangu mara mbili, usiku naangalia video. Wapi! Smashi zangu, ile mipigo ya juu ya nguvu, zilizokuwa zinamaliza kazi sasa zinarudishwa. Gemu ikifika sare ya 40-40 mkono unakuwa gogo. Kila nikikosea naomba samahani, hadi mwenzangu amechoka kusema "usijali". Ijumaa usiku usingizi hauji vizuri, na siku hizi kiwiko kinauma nikiinua kikombe cha chai. Wananitania kwamba nina nuksi. Nimefikiria nikae pembeni kwanza, ujasiri ukirudi ndipo nirudi uwanjani. Je, nifanye nini ujasiri urudi?*

Marahaba, mdogo wangu, na pole. Supu ya watu wanne kwa Jumamosi saba si hela ya kuchezea, na jina la Mfadhili, hata likisemwa kwa kicheko, likirudiwa kila wiki linaanza kuchoma. Nimesoma barua yako mara mbili. Unaniuliza habari ya moyo wako, lakini karibu kila ulichokieleza ni habari ya uwanja, saa, mpira na raketi. Nitajibu vyote, ila nitaanza na uwanja, kwa sababu nadhani moyo umebebeshwa lawama isiyo yake.

Kwanza tuseme wazi kilichobadilika kati ya Machi na Juni. Umekaa nje ya mchezo masika nzima. Umepandishwa kundi, maana yake watu unaocheza nao sasa ni bora kuliko wale wa Jumatano. Na umetoka saa kumi jioni ya kiangazi ukaingia saa moja asubuhi ya Juni na Julai, Arusha, wakati Meru haionekani kwa ukungu na watu wanapasha mwili na sweta. Mambo matatu kwa mpigo. Kisha mechi zikaanza kupotea, nawe ukatazama ndani ya kifua chako kutafuta kosa.

Hilo la baridi ninalitilia mkazo kwa sababu watu wengi hawaliamini mpaka waone. Mpira wa padeli una hewa ndani. Ukipoa, mgandamizo wa hewa ile unashuka na mpira wenyewe unakuwa mgumu zaidi, kwa hiyo haudundi kama unavyodunda jioni ya jua. Kanuni za mchezo zinataka mpira ukiachiwa kutoka mita 2.54 udunde kati ya sentimita 135 na 145. Sisi huku mipira ni ya kuagiza, tunaitumia mpaka inapata upara, na asubuhi ya baridi sijui kama ingefikia hata hicho kiwango cha chini. Jumamosi ijayo chukua mpira mpya na mmoja wa ile mnayoitumia, uiachie pamoja kutoka usawa wa paji la uso. Utaona mwenyewe.

Sasa fikiria smashi yako. Arusha iko juu, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na jioni yenye joto mpira uliopigwa kwa nguvu unaruka kweli kweli. Unagonga chini, unapanda kioo, unatoka nje au unakwenda mahali mtu haufikii. Mpigo huohuo asubuhi ya baridi unagonga chini, unagusa kioo cha nyuma, unarudi taratibu usawa wa kiuno cha mpinzani kama zawadi. Hujasahau kupiga smashi. Unapiga smashi ya Februari ndani ya Julai.

Na padeli, ukiiangalia asili yake, haikuumbwa kwa ajili ya kumaliza pointi kwa nguvu. Enrique Corcuera alipojenga uwanja wa kwanza nyumbani kwake Acapulco, Meksiko, mwaka 1969, aliuzungushia kuta, na mpira unaogonga ukuta baada ya kudunda unaendelea kuwa hai. Kila ukuta ni nafasi ya pili kwa yule uliyedhani umemmaliza. Kwenye tenisi, mpigo mkali ukimpita mtu, basi. Kwenye padeli ukimpita, anageuka, anausubiri kwenye kioo. Kwa hiyo mtu anayefungwa na kuanza kupiga kwa hasira anapoteza mara mbili: anakosea zaidi yeye mwenyewe, na hata asipokosea anampa mpinzani mpira rahisi.

Naomba sasa univumilie kidogo kwenye hesabu, maana hapa ndipo dawa ya nuksi ilipo.

Nilichukua kalamu. Tuseme wewe na mwenzako mnalingana kabisa na wapinzani, kila pointi ni nusu kwa nusu. Kufungwa mechi saba mfululizo kungetokea mara moja katika 128. Ni nadra, na ndiyo maana watu wanaanza kutaja nuksi. Sasa punguza kidogo tu. Badala ya kushinda pointi 50 katika kila 100, mnashinda 47. Mechi ya seti mbili ina pointi mia na ishirini hivi, kwa hiyo tofauti ni kama pointi nne katika mechi nzima. Nne! Mtu aliyekaa nje ya kioo asingeiona tofauti hiyo kwa macho. Lakini pointi hujenga gemu, gemu hujenga seti, seti hujenga mechi, na kila ngazi inakuza ule upungufu. Mwenye pointi 47 kwa 100 hushinda gemu 42 au 43 hivi kwa 100, seti chini kidogo ya 30 kwa 100, na mechi moja tu katika tano. Kwa mtu huyo, kufungwa mara saba mfululizo si muujiza tena: kunatokea karibu mara moja katika tano. Hesabu hii inachukulia kwamba kila pointi ni sawa na nyingine, jambo ambalo si kweli kabisa, lakini picha haibadiliki sana.

Unaona ninakokwenda. Kundi lililo bora kidogo, miguu iliyopumzika masika nzima na mpira uliopoa vinatosha kabisa kula pointi nne za mechi. Ubao wa matokeo unapiga kelele "saba bila", wakati ukweli ulioko chini yake unanong'ona "pointi nne". Wewe umeusikiliza ubao.

Nikizungumza na wachezaji wa hapa nyumbani huwa nawakumbusha mkimbiaji wetu Juma Ikangaa. Mbio za marathoni za Boston, mwaka 1988, alikimbia kilomita 42 na ushei akawa wa pili kwa sekunde moja nyuma ya Ibrahim Hussein wa Kenya. Mwaka 1989 akarudi, wa pili tena. Novemba mwaka huohuo akashinda New York kwa saa 2:08:01. Watu hupenda kuikatia hadithi hapo. Mimi huendelea: Aprili 1990 akarudi Boston, akawa wa pili kwa mara ya tatu. Ukimsoma kwa Boston peke yake, ni mtu wa nuksi. Alikuwa miongoni mwa wakimbiaji bora duniani.

Turudi kwako. Kosa kubwa katika barua yako liko mwishoni: unataka ukae pembeni mpaka ujasiri urudi, halafu ndipo ucheze. Hautarudi ukiwa umekaa. Mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyeanza kuandika juu ya imani ya mtu katika uwezo wake mwaka 1977, alionyesha kwamba imani hiyo ina vyanzo kadhaa. Chenye nguvu kuliko vyote ni mambo uliyoyafanya mwenyewe yakafaulu. Halafu kumwona mtu wa kiwango chako akifanikiwa. Maneno ya kutiwa moyo yapo, lakini nguvu yake ni ndogo na huisha haraka, kama ulivyokwisha kugundua kwa ile "usijali". Chanzo kingine ni namna unavyousoma mwili wako: mapigo ya moyo yakienda mbio, unaweza kuyasoma kuwa hofu au kuwa utayari.

La muhimu zaidi kwako ni kwamba imani hii huwa ni ya jambo fulani. Hakuna mtu "mwenye ujasiri" tu hivihivi. Wewe naamini unaweza kuendesha gari la wageni kushuka Ngorongoro wakati wa mvua bila jasho, na wakati huohuo ukatetemeka mbele ya mpira wa juu. Kwa hiyo nikikuuliza "ujasiri wa kufanya nini?" usiniambie "wa kushinda". Kushinda kuna watu wanne ndani yake, nawe unamtawala mmoja. Niambie: ujasiri wa kupiga lobu ndefu, ule mpira wa kupaa juu ya vichwa vya wapinzani, kutoka kwenye kona. Ujasiri wa kuacha mpira ufike kwenye kioo badala ya kuudaka hewani kwa papara. Huo unaweza kujengwa Jumanne jioni, na kapu la mipira.

Na mpigo ninaotaka uanze nao ni mmoja: mpira wa juu unapokuwa karibu na neti. Wahispania wanauita bandeja, yaani sinia, kwa sababu mkono unakaa kama wa mhudumu aliyebeba sinia begani. Haupigwi kuua. Unakatwa, unapelekwa nyuma kabisa karibu na kona, ukifika kioo unabaki chini, nawe unabaki na nafasi yako ya mbele. Asubuhi ya baridi, huo ndio mpigo wako. Smashi iweke kwa mpira mfupi sana uliokuja wenyewe. Nusu saa ya kurushiwa lobu na mwenzako, mipira arobaini, ukihesabu mingapi imevuka mstari wa sevu wa upande wa pili bila kupanda juu. Ukipata kumi na tano leo na ishirini na mbili wiki ijayo, tayari una kitu ulichokifanya kwa mikono yako.

Kuhusu ule mkono wa gogo kwenye 40-40. Mwili unapoona hatari hauulizi kama ni simba au ni supu. Misuli inakaza, vidole vinaminya mpini, pumzi inakuwa fupi. Raketi iliyominywa haipiti vizuri, na mpira unaishia kwenye neti au unapaa. Juu ya hapo, akili inaanza kuusimamia mkono: "pinda goti, fungua uso wa raketi, usikosee". Mpigo ulioufanya mara elfu bila kufikiri sasa unaufanya vipande vipande, kama mtu anayeshuka ngazi huku akiwaza kila goti. Kumwambia mtu huyo "tulia" ni kumwongezea kazi.

Badala yake mpe kazi nyingine ndogo. Kati ya pointi na pointi mna sekunde 20. Wengi wenu mnatumia tano. Geuka, tembea hadi kwenye kioo, hamishia raketi mkono wa kushoto ili ule wa kulia ulegee, toa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta. Chagua jambo moja, mpira unakwenda wapi, si jinsi ya kuupiga. Mwambie mwenzako kwa neno moja. Cheza. Na kama kwenu 40-40 inaamuliwa kwa pointi moja, kumbuka kanuni: wanaopokea ndio wanaochagua nani apokee. Kama mwenzako kwa sasa ametulia kuliko wewe, apokee yeye. Hiyo ni akili ya mchezo, usiione kuwa ni aibu.

Samahani zako nazo zikome. Nasema kwa upendo. Najua sisi tumelelewa kuomba samahani hata mtu akijikwaa mwenyewe mbele yetu, na ni jambo jema barabarani. Uwanjani, kila samahani inafungua kesi: umekiri kosa, mwenzako analazimika kukusamehe, na wote wawili mnacheza pointi inayofuata mkiwa bado kwenye ile iliyopita. Kubalianeni kabla ya mechi kwamba neno ni moja tu baada ya kila pointi, nzuri au mbaya. "Twende" linatosha.

Raketi mpya sitaizungumzia kwa urefu. Nami nina mbili juu ya kabati, za kipindi nilichofungwa kwenye tenisi nikaamini tatizo ni duka. Bila shaka uliyoagiza ina umbo la almasi, uzito umekaa kichwani, uso mgumu. Ndizo zinazouzwa kwa bei na kwa ahadi ya nguvu. Hizo huadhibu mpigo usiopiga katikati, na zinachosha mkono. Rudi kwenye ile ya zamani, hasa kwa sababu ya kiwiko.

Kiwiko usikichukulie kwa mzaha. Maumivu ya upande wa nje wa kiwiko unapoinua kikombe au kukamua nguo mara nyingi ni kano za misuli ya kunyanyua kiganja zilizobebeshwa mzigo mpya ghafla: raketi nzito, mipira iliyokufa inayohitaji kusukumwa, mpini ulioshikwa kwa nguvu. Punguza mipigo ya juu wiki mbili, na ile mipira arobaini isubiri kwanza. Maumivu yakizidi, yakikuamsha usiku, mkono ukipoteza nguvu au vidole vikifa ganzi, usingoje wiki mbili ziishe: nenda kwa daktari, na uombe kuonwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Uko karibu na hospitali ya Mount Meru. Ndugu zetu wa Moshi wana hospitali ya KCMC. Video za usiku haziwezi kukugusa kiwiko.

Na usingizi. Kukosa usingizi Ijumaa kwa sababu ya mechi ya Jumamosi ni jambo la kawaida, linapita. Lakini jichunguze kwa uaminifu: je, limevuka uwanja? Kama hulali hata siku zisizo na mechi, kama kazi na chakula vimepoteza ladha, kama unawakasirikia watoto kwa kitu kidogo, au unajiona huna thamani kwa lolote, basi hapo si padeli tena. Huenda padeli ni mahali tu palipovuja kwanza. Zungumza na daktari au mshauri nasaha ana kwa ana, mapema. Na ikiwa yanakujia mawazo ya kujidhuru, nenda siku hiyohiyo, usiende peke yako.

Sasa njia zilizo mbele yako. Kupumzika: wiki mbili kwa ajili ya kiwiko naziunga mkono, miezi miwili ya kungoja moyo, hapana, maana ulishapumzika masika na uliona ulivyorudi. Kurudi kundi la Jumatano: hili wengi wanaliona ni kushushwa daraja, mimi naliona ni wazo zuri ukilichanganya. Cheza Jumatano ambako utashinda kiasi, na Jumamosi moja moja kwa ajili ya kujifunza. Ukicheza na wanaokuzidi tu, hupati nafasi ya kujaribu mpigo mpya, kila mpira unakuwa wa kujiokoa. Ukicheza na unaowazidi tu, utashinda bila kukua. Kumbadilisha mwenzako tena: usifanye. Umebadilisha mara mbili ndani ya mechi saba. Hakuna wawili wanaojua nani anachukua mpira wa katikati kwa mechi mbili tatu. Baki na huyu wa sasa hadi Oktoba. Kocha: ukiweza kulipia kipindi kimoja au viwili, lipia, lakini uende na ombi moja, ule mpira wa juu, usimwambie "nirekebishe mchezo". Atakurekebisha kila kitu na utatoka umechanganyikiwa zaidi.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kukuficha. Inawezekana kabisa utafanya haya yote na ukafungwa mechi ya nane. Ukiongeza pointi mbili kwa mia, bado utafungwa zaidi ya unavyoshinda katika kundi hilo. Kwa hiyo kwa Jumamosi tatu za kwanza usinihesabie mechi. Mwombe mtu anayesubiri zamu nje ya kioo akuhesabie vitu viwili kwenye karatasi: mipira ya juu uliyoipeleka nyuma na ikabaki chini, na pointi ulizowapa bure, zile ulizokosea bila mtu kukubana. Kwa ngazi yenu pointi nyingi huisha kwa kosa la mtu kuliko kwa mpigo wa maajabu, kwa hiyo hesabu hiyo ya pili ndiyo itakayokuonyesha zile nne zilikokwenda.

Niandikie hesabu hizo baada ya Jumamosi ya tatu, pamoja na habari za kiwiko. Na kama bado ni wewe unayelipa supu, walau mezani chagua wewe: waambie leo ni makongoro.